Uzi: Kutoka mdomo wa Sabaki hadi mawe meusi ya Tsavo Magharibi

#1 Mtembezi wa Barani (Malindi)

Assalaam alaikum wanajamvi.

Wengi wetu tuliozaliwa Malindi tunaujua mto Sabaki kwa sura moja tu: maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayoingia baharini kaskazini ya mji, yanayofika hadi kwenye gati, na yanayowafanya wageni wa mahoteli waulize kila mwaka kwa nini bahari yetu ni ya matope ilhali picha walizoonyeshwa kwao zilikuwa za samawati. Mimi nimefundisha jiografia katika shule ya msingi kwa miaka mingi na nimeuchora mto huo ubaoni mara zisizohesabika, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini haukauki. Januari na Februari, jua linapokuwa la utosi na visima vyetu vikaanza kuonja chumvi, Sabaki hupungua lakini haukatiki. Likizo iliyopita nilikwenda kutafuta sababu, nikaipata. Sababu yenyewe ni nyeusi, ina makali kama chupa iliyovunjika, na imeniharibia makubadhi.

Tulitoka alfajiri, mimi na shemeji yangu, kwa pikapu yake, tukashika barabara ya Kakoneni na Langobaya hadi lango la Sala, inakoanza Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki. Kuanzia hapo mto unaitwa Galana, na msafiri huenda nao upande wa kulia, mikoma imesimama kingoni na mamba wamelala mchangani midomo wazi. Penye Maporomoko ya Lugard, mto ule mpana unabanwa katikati ya miamba iliyochongwa na maji hadi mtu akadhani anaweza kuuruka. Asijaribu.

Ng'ambo ya mto ndipo nilipouona uwanda wa Yatta. Nilikuwa nikiufundisha kama jina tu. Ukiuona kwa macho utadhani ni ukuta uliojengwa na watu, kwa kuwa juu yake ni bapa kana kwamba umepigwa randa, nao unakufuata saa nzima bila kwisha. Takriban miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka kutoka upande wa Ol Doinyo Sabuk, ikalifuata bonde la mto wa kale, ikalijaza, ikaganda. Ardhi laini ya pande zote mbili ililiwa na mvua na upepo, lava ngumu ikabaki, na kile kilichokuwa bonde kikageuka kilima. Urefu wake unakaribia kilomita 300, na ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava inayojulikana duniani.

Usiku tulilala Mtito Andei, na asubuhi tukaingia Tsavo Magharibi. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka wa 1948 ikiwa kitu kimoja, kisha ikagawanywa sehemu mbili kwa ajili ya urahisi wa kuisimamia. Tofauti ya sehemu hizo utaiona kwa nusu saa tu, kwani Mashariki ni tambarare na nyekundu, ilhali Magharibi ni vilima juu ya vilima, na baadhi ya vilima hivyo ni vichuguu vya jivu na vimbe za moto wa chini ya ardhi. Kwa upande wa kaskazini-magharibi vimesimama vilima vya Chyulu, safu ya kilomita 100 hivi yenye mamia ya vilele vya volkano, kikubwa chao kikifika mita 2,188.

Ukitoka Kilaguni kuelekea lango la Chyulu, nyika ya migunga na mbambara inakatika ghafla. Hakuna dalili. Mbele yako kuna mto mweusi usiotiririka, wenye kina cha mita 5, upana wa kilomita 1.6 na urefu wa kilomita 8. Hiyo ndiyo lava ya Shetani. Milipuko ya mwisho ya Chyulu hukadiriwa kuwa ya mwaka wa 1856 hivi, ambao ndio mwaka aliofariki Seyyid Said bin Sultan wa Unguja. Kwa hesabu ya mawe, hiyo ni jana jioni. Babu za babu zetu walikuwa wakipakia vikasha vya pembe na magunia ya mtama bandarini wakati jiwe hili lilipokuwa bado linatembea. Wenyeji husimulia kwamba watu walizikwa humo pamoja na mifugo yao na kwamba vilio vyao vilisikika kwa muda mrefu, na kilima cha karibu kinaitwa Chaimu, jina linalonasibishwa na neno la Kikamba la mizimu.

Nilichuchumaa nikalitazama jiwe moja kwa ukaribu. Lina matundu mengi kama lile jiwe la matumbawe tunalojengea nyumba, ila matundu ya matumbawe yalikuwa makao ya wadudu, na haya ni mapovu ya gesi iliyokuwa ikikimbia kabla jiwe halijaganda. Ukikanyaga, mawe hulia kama vigae vya chungu. Juu yake kuna utando wa kijivu unaokwaruzika kwa ukucha, na ndani ya ufa, mahali ambapo vumbi la kijiko kimoja limekusanyika, kangaga moja ilikuwa imechipua majani manne. Hatua ya tatu nilisikia soli ya kubadhi la kulia ikipasuka. Shemeji, aliyekuwa amevaa viatu vya bodaboda vya kufunika mguu mzima, hakusema neno, lakini nilimwona akitazama pembeni.

Tukaishia chemchemi za Mzima, kama kilomita 48 kutoka Mtito Andei. Kutoka chini ya mwamba mweusi, katikati ya ukame ambao majani yake yalikuwa yamekauka hadi kuwa rangi ya karatasi, yanabubujika maji yapatayo lita milioni 220 kwa siku, maangavu kiasi kwamba ukidondosha sarafu utajua imelala upande gani. Chyulu haina mto hata mmoja juu ya mgongo wake. Mvua na ukungu vinavyoanguka kule hunyonywa na jivu na lava yenye vinyweleo, vikazama hadi vikutane na mwamba wa kale usiopitisha maji, kisha vikateremka gizani makumi ya kilomita hadi hapo Mzima. Maji yanatoka, yanakimbia kilomita 2 hivi, yanazibwa na ukuta mwingine wa lava, yanazama tena ardhini, yanaibuka na kuingia mto Tsavo, ambao hupokea pia maji ya Kilimanjaro. Tsavo ukikutana na Athi, wanakuwa Galana. Galana ukikaribia kwetu, unakuwa Sabaki.

Naomba wenye kujua zaidi wanisahihishe na waongeze. Ningependa pia kuwasikia waliokwenda msimu wa mvua, kwa kuwa mimi nimeiona sura ya kiangazi tu. Na jambo moja la kustaajabisha: ndovu wa Tsavo ni wekundu kama matofali, nadhani kwa sababu ya jivu la volkano la zamani wanalojipaka.

#2 Bi wa Shela (Lamu)

Waalaikum salaam Mwalimu. Nimeusoma uzi huu mara mbili. Ninatoka Shela, na ninasema Shela ya Lamu, si ile ya Malindi mjini, kwa maana kila mara nikijitambulisha huulizwa.

Ulipoeleza jinsi Chyulu inavyokunywa mvua, sikuhitaji picha wala mchoro, kwa sababu sisi tunaishi juu ya kitu cha namna hiyo hiyo. Vilima vya mchanga vya nyuma ya Shela havina mto wala kijito, na mtoto anayeviona kwa mara ya kwanza atasema ni jangwa. Lakini mvua inayonyesha juu yake huzama moja kwa moja, ikakaa chini ikielea juu ya maji ya chumvi, na visima vinavyochimbwa pembeni mwake ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ndiyo maana wazee hukasirika wanaposikia mtu anataka kujenga juu ya vile vilima, maana akipiga zege juu ya mchanga atakuwa ameziba mdomo wa kisima asichokiona.

Swali langu ni hili. Sisi mchanga wetu ukichafuliwa, maji yanachafuka upesi, na likikosekana vuli moja tunalijua kisimani. Je, Mzima nayo hupungua mwaka wa ukame ule ule, au mwamba huo una akiba ya kutosha kuvumilia? Tena sisi wa Lamu tukipita kwa basi juu ya daraja la Sabaki huwa tunaangalia maji kwa kupitia dirishani na kusema "Malindi wamepata mafuriko" au "Malindi wamekauka", kumbe tunasoma habari za mvua ya mbali sana.

#3 Nahodha Mstaafu (Malindi)

Mwalimu, umeandika vizuri, ila umeusifu mto upande mmoja. Mimi nimevua samaki mbele ya mdomo wa Sabaki kwa zaidi ya miaka thelathini, na nataka wanajamvi waelewe kwamba yale maji maangavu ya Mzima hayafiki kwetu yakiwa maangavu. Yakifika kwetu ni matope. Msimu wa kusi mkondo huyachukua matope kuelekea kaskazini, Mambrui na Ngomeni, na sisi wa mjini tunapata nafuu. Kaskazi ikianza kuvuma matope hurudi kusini, yakaingia ghuba ya Malindi na kuelekea kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa tangu mwaka wa 1968. Mvuvi yeyote wa Malindi anakijua kile kipande cha bahari ambapo upande mmoja wa jahazi ni kahawia na upande mwingine ni buluu, na mpaka wake umenyooka kama uliopigwa kamba.

Nina dukuduku jingine pia. Tangu nikiwa kijana nimesikia kwamba maji ya Mzima yamewekewa bomba tangu miaka ya 1950 na kupelekwa Mombasa. Ndugu zetu wa Taita Taveta, ambao chemchemi iko kwao, wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba bomba linapita na wao wanachota kwa punda. Sasa sisi wa Malindi, tulio mwisho wa mto huo huo, tunapata nini zaidi ya matope?

#4 Msoma Mawe (Malindi)

Salaam kwenu wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya ardhi chuoni, nyumbani kwetu ni Maweni, na kwa ruhusa ya Mwalimu ningependa kurekebisha jambo moja na kujibu mawili.

La kurekebisha ni ndovu wekundu. Udongo ule mwekundu hautokani na volkano kabisa. Chini ya sehemu kubwa ya Tsavo kuna miamba ya kale mno, yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, iliyokandamizwa na kupikwa ndani ya ardhi kabla hata hayajakuwapo mambo ya Chyulu. Vile vilima vya Ngulia ni vya miamba hiyo, si volkano. Miamba hiyo ikimomonyoka, chuma kilichomo hushika kutu, na kutu ndiyo rangi anayojipaka ndovu. Jivu na lava ya Chyulu ni vyeusi na kijivu, na ndovu akioga vumbi katika maeneo yale atatoka na sura nyingine. Hata mchanga unaometameta wa ufuo wa Mambrui ni vijipande vya ulanga kutoka katika miamba hiyo ya kale, vilivyosombwa na mto.

La pili ni matope ya Nahodha. Sehemu kubwa yake hutoka mashamba ya nyanda za juu, kwenye vyanzo vya Athi, ambako miti ilikatwa na miteremko ikalimwa. Tunalijua hili kwa njia ya ajabu kidogo. Tumbawe hukua kwa matabaka ya mwaka kwa mwaka kama mti, na linapokua hunasa alama za kile kilichomo majini. Wanasayansi walipima tumbawe moja la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba alama za udongo zilikuwa chache na tulivu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha zikaanza kupanda na hazikurudi chini. Kwa hivyo Nahodha, bahari yenyewe inakubaliana nawe, ila mshtakiwa si Tsavo.

Kuhusu swali la Bi wa Shela, tofauti kubwa ni ukubwa wa ghala. Mchanga wa Shela ni tabaka jembamba lililobebwa na maji ya chumvi, kwa hiyo mwaka mmoja wa ukame unaonekana kisimani. Chyulu ni lundo la jivu na lava lenye unene wa mamia ya mita, na maji husafiri humo polepole sana, kwa hiyo mvua mbaya ya msimu mmoja haikati Mzima. Hiyo haina maana kwamba haliwezi kupungua. Ina maana kwamba kosa la leo kule juu litalipwa na watu wa baadaye kule chini.

Nimalize kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza lakini naona linakuja: je, Chyulu imekufa? Haijafa, imelala. Volkano zake zilianza upande wa kaskazini-magharibi yapata miaka milioni 1.4 iliyopita na zimekuwa zikihama kuelekea kusini-mashariki, na ndiyo maana Shetani na Chaimu, zilizo changa kuliko zote, ziko upande wa kusini. Ndani ya Chyulu mna pia mapango marefu yaliyoachwa na lava: sehemu ya juu iliganda ikawa dari, ya ndani ikaendelea kutiririka hadi ikaisha, na kubaki bomba tupu. Pango linaloitwa Leviathan lina njia zenye jumla ya zaidi ya kilomita 10.

#5 Mtembezi wa Barani (Malindi)

Ahsante sana kijana wangu. Nimekubali marekebisho, na nimeshaandika katika daftari langu la masomo kwamba ndovu hujipaka kutu. Miaka yote hiyo nimewaambia watoto jivu.

Nahodha, sisi nasi tunakunywa mto huo. Visima vya Baricho, karibu na Langobaya, vimechimbwa kwenye mchanga wa kando ya Sabaki, na maji yake ndiyo yanayoletwa Malindi na Kilifi, na mengine hufika Mombasa. Yakipita kwenye mchanga yanachujwa, kwa hiyo bombani hatuyatambui. Wakati wa kiangazi, Athi unapokonda, sehemu ya maji inayotoka upande wa Tsavo huwa ndiyo tegemeo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba chai uliyokunywa leo asubuhi ilianza safari yake kama ukungu juu ya Chyulu.

Sikusema vya kutosha juu ya wanyama. Pale Mzima kuna chumba cha chuma kilichozamishwa bwawani, chenye madirisha ya kioo, na mtu hushuka ngazi akaketi ndani kama aliye tumboni mwa samaki. Nilikaa humo karibu saa nzima. Samaki wenye midomo minene walikuja kunitazama kwa foleni, kisha wakaondoka wote kwa pamoja. Baadaye kidogo nikamwona kiboko kwa mbali. Hakuwa akiogelea, alikuwa akitembea chini, kwa hatua za polepole za mtu anayetoka msikitini bila haraka, na kila alipokanyaga, wingu la kijani lilitimka, na samaki wakaliingia. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudi na mavi yake majini mchana, na mavi hayo ndiyo chakula cha kamba wadogo na samaki, samaki ni chakula cha mnandi na mamba, na kwa njia hiyo nyika kavu huingia ndani ya maji kila alfajiri ikiwa tumboni mwa kiboko. Kandokando kuna minazi ya porini, mikuyu mikubwa, na kima waliokuwa wakidondosha tini majini huku samaki wakizingojea.

Juu ya lava yenyewe wanyama ni wachache, lakini wapo. Pimbi wanajificha kwenye nyufa, na tulimwona mbuzi mawe mmoja amesimama kwenye ncha ya jiwe kwa kwato zilizokusanywa pamoja, pahali pasipotosha hata kuweka kikombe. Huyo hakuhitaji makubadhi.

Kisha kuna hifadhi ya vifaru ya Ngulia. Zamani Tsavo ilikuwa na maelfu ya vifaru weusi, na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ukawafyeka hadi wakabaki wachache sana. Mwaka wa 1986 kilizungushiwa uzio kipande kidogo chini ya vilima vya Ngulia, na kipande hicho kimepanuliwa hadi kufikia takriban kilomita za mraba 90. Tulingoja hadi magharibi, tukaona mgongo mmoja tu kati ya vichaka, na ukatoweka. Shemeji anadai lilikuwa jiwe.

Hapo hapo Ngulia, mwezi wa Novemba na Desemba, ukungu unaposhuka usiku usio na mwezi, ndege wadogo wanaohama kutoka kaskazini ya dunia hupotea njia na kuvutwa na taa za hoteli iliyo ukingoni mwa kilima. Tangu mwaka wa 1969 wataalamu wamekuwa wakikutana pale kila mwaka, wakiwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete nyepesi miguuni na kuwaachia. Baadhi ya pete hizo zimeonekana tena Urusi na katika nchi za Ulaya. Ndege mwenye uzito wa kijiko cha sukari amepita juu ya Bahari ya Shamu, akapumzika kwa usiku mmoja juu ya kilima chetu.

#6 Mkulima wa Langobaya

Nimesoma kwa makini na sina ugomvi na mtu, lakini Mwalimu amepita mbele ya shamba langu kwa pikapu akielekea Sala, na ningependa wanajamvi wasikie upande wa anayekaa njiani.

Ndovu hao wekundu mnaowastaajabia hawajui lango. Mto ukipungua ndani ya mbuga na majani yakakauka, hufuata kingo za Galana hadi kwetu, na usiku mmoja wa ndovu watatu ni mwaka mzima wa mkulima. Nilipoteza ekari moja na nusu ya mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Niliripoti katika ofisi husika, nikajaza fomu, nikapigwa picha nimesimama katikati ya mabua, na tangu siku hiyo ninachopata ni kuulizwa nambari ya fomu. Wakati wa ukame wa mwaka wa 2022, tulipotangaziwa kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba, niliwahurumia kweli, kwa sababu niliona mmoja amelala kingoni akiwa ngozi na mifupa. Lakini niliona pia jirani yangu akilala na watoto wake bila kupika.

Sisemi wanyama waondolewe. Babu yangu aliishi nao, na mto huu usingekuwa mto bila wao. Nasema kwamba uzi wa aina hii ukiandikwa, hesabu ya ndovu iandikwe pamoja na hesabu ya magunia.

#7 Mtembezi wa Barani (Malindi)

Ndugu yangu wa Langobaya, una haki, na kosa ni langu kwa kupita bila kusimama. Hesabu ya wanyama iliyofanywa mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba Kenya ina ndovu zaidi ya 36,000, na eneo la Tsavo ndilo lenye wengi kuliko kwingine kote. Ni wazi kwamba kundi kubwa kiasi hicho, katika nchi kavu yenye mito miwili mitatu ya kutegemea, litafuata maji, na maji yanakuja kwako. Nikirudi huko nitapita kwako kwanza, na usiponiona nimesimama, niulize humu humu.

#8 Bi wa Shela (Lamu)

Ninaunga mkono maneno ya Mkulima. Ahsante pia kwako Msoma Mawe kwa kunijibu. Nimemsomea baba jibu lako, naye ametaka kujua kama huko juu ya Chyulu kuna msitu au ni majani matupu. Kuna swali jingine ambalo vijana wa hapa barazani wamenilazimisha niliulize, nami naliuliza shingo upande: ni kweli kwamba mirungi huota yenyewe porini kule?

#9 Msoma Mawe (Malindi)

Bi mkubwa, nilipanda Chyulu na wenzangu wa chuo mwaka juzi, baada ya mvua, kwa hivyo labda nitalijibu pia ombi la Mwalimu kuhusu sura ya msimu huo. Pande za chini na za katikati ni nyasi ndefu za kijani kibichi, zinazopanda na kushuka kwa vilima laini mviringo kama maandazi yaliyopangwa kwenye sinia, na huwezi kuamini kwamba chini ya nyasi hizo ni jivu. Utaona punda milia, mpofu na tohe. Kwenye vilele na ndani ya vibonde kuna msitu wa ukungu, ambao miti yake imevaa kuvu na majani ya kuning'inia, na ukipita asubuhi nguo hulowa ingawa mvua hainyeshi. Miti ile huukamua ukungu, na matone yanayodondoka ni sehemu ya maji ya Mzima. Hapo ndipo moto wa nyika na ukataji wa miti ya makaa unapoumiza, kwa kuwa mti ukiondoka ukungu unapita bila kuacha kitu.

Na ndiyo, mirungi iko. Huota yenyewe katika msitu ule, miti mirefu yenye gome la kijivu, na watu wameichuma tangu zamani. Waambie vijana wa barazani kwamba kwenda na kurudi ni siku mbili na ukiikata ndani ya mbuga utakamatwa.

Jioni tulikaa juu ya kilele kimoja. Upande wa magharibi Kilimanjaro ilijitokeza juu ya mawingu kwa dakika chache, na upande wa kusini tuliona ule ulimi mweusi wa Shetani, mdogo kama wino uliomwagika, na mbali zaidi mstari wa miti ya kijani unaoonyesha mahali maji yanapotokea. Kutoka pale juu mtu anaiona njia yote ya maji kwa jicho moja, isipokuwa ile sehemu ya katikati iliyo gizani.

#10 Nahodha Mstaafu (Malindi)

Kijana ametufundisha, na Mwalimu amenifanya nifanye jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa kukusudia. Jana maji yalipokupwa nilikwenda hadi mdomo wa Sabaki kwa miguu, si kuvua, kutazama tu. Heroe walikuwa wengi upande wa Mambrui, na vijana watatu walikuwa wakikokota juya.

Kwenye matope ya ukingo wa ndani nilikuta nyayo za kiboko, mpya, kila moja ina vidole vinne na imejaa maji. Zilitoka mtoni, zikapanda hadi kwenye majani, zikarudi. Nilichukua maji ya unyayo mmoja kwa kiganja nikayaonja. Yalikuwa na chumvi kidogo tu.

Mwalimu, fundi wa makubadhi yuko karibu na soko la zamani, mlango wa pili baada ya duka la kahawa. Mwambie akushonee soli ya tairi.